Mkanda wa taimingi hauhesabu kilomita

Kusini mwa Maniema, gari linalobeba chanjo, mgonjwa wa dharura au padri anayekwenda kusomea misa mbali mara nyingi ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70. Ndani ya nyingi kati ya hizo kuna injini moja ile ile: dizeli ya Toyota iitwayo 1HZ, silinda 6 kwa mstari, lita 4.2, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990. Kwenye dashibodi yake kuna taa ndogo yenye maandishi T-BELT. Taa hiyo ikiwaka, dereva anaambiwa kwamba muda wa mkanda wa taimingi, unaoizungusha kamshafti ya kufungua valvu, umekwisha. Madereva wengi wa Kasongo na Kabambare wanaingoja taa hiyo kwa imani, na mimi naona imani hiyo inawaponza.

Taa ile haiuoni mkanda. Haijui kama umepata ufa, umelowa mafuta au umeingiwa na changarawe. Inachofuata ni hesabu ya kipima mwendo tu: gari likifikisha kilomita 100,000, au 150,000 kwa magari ya masoko mengine, inawaka. Kipima mwendo kikifa, na barabara zetu zinaviua vingi, taa nayo inanyamaza. Hata kikiwa kizima, kilomita ni kipimo kibaya kwa huku.

Tupige hesabu. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa kwenye lami litamaliza kilomita 100,000 kwa saa kama 1,670 za injini. Sasa lichukue gari hilo hilo ulipeleke Kabambare wakati wa masika, gia ya kwanza na ya pili kutwa nzima, mwendo wa kilomita 15 kwa saa siku likibahatika. Saa zile zile 1,670 zitatimia kilomita zikiwa 25,000 tu. Injini haikupumzika kwa sababu gari lilikuwa likitambaa. Katika gia ndogo inazunguka sawa na ya gari lililo kwenye lami, pengine zaidi. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kamshafti inazunguka mara 1,000, maana katika injini ya mipigo minne krankshafti huzunguka mara mbili kamshafti ikizunguka mara moja. Kwa saa moja ni mizunguko 60,000. Kwa saa 1,670 ni milioni 100 hivi. Mkanda unaishi kwa mizunguko hiyo, kwa joto, kwa uchafu na kwa umri wa mpira wenyewe. Umbali kutoka Kasongo hadi Saramabila hauujui.

Wazee waliojifunza ufundi katika gereji za misheni hawakukutana na tatizo hili. Injini ya 2H iliyotangulia 1HZ iliendesha kamshafti kwa magurudumu ya meno ya chuma, kama yafanyavyo malori makubwa hadi leo. Meno ya chuma yakilainishwa vizuri huishi umri wa injini. Mkanda wa meno ulianza kwenye gari la kuuzwa kwa wingi mwaka 1962, wakati kampuni ndogo ya Ujerumani, Glas, ilipotoa Glas 1004. Waundaji wengine waliufuata kwa sababu ni mwepesi, hauna kelele, hauhitaji mafuta na ni rahisi kuutengeneza. Gharama yake ni moja: una siku ya kufa, na hautoi taarifa.

Ukikatika, kamshafti inasimama pale pale huku pistoni zikiendelea kupanda. Katika dizeli ya namna hii nafasi kati ya valvu na kichwa cha pistoni ni finyu mno. Pistoni inaigonga valvu iliyobaki wazi, valvu inapinda, na kichwa cha injini lazima kifunguliwe. Mjini ni hasara ya fedha. Katikati ya msitu upande wa Kabambare, ambako makundi yenye silaha yamewasumbua wasafiri kwa miaka mingi, ni watu kulala njiani na mama mjamzito akiwa nyuma ya gari.

Jambo la kutia moyo ni kwamba mkanda wa 1HZ ni mfupi na uko mbele, mahali pa kufikika. Fundi makini aliye na spana zake na eneo safi anaweza kuubadilisha lupangoni kwake, chini ya mwembe, bila kuishusha injini. Lakini usafi ni nusu ya kazi. Kabla ya kifuniko kufunguliwa, mbele ya injini paoshwe na pakauke. Injini iwe imepoa na waya wa betri umetolewa. Injini izungushwe kwa spana kwenye bolti ya krankshafti, kwa upande wake wa kawaida, mpaka alama za magurudumu zikutane na alama za mwili wa injini. Hapo fundi aziwekee rangi, maana alama za kiwandani hupotea chini ya kutu.

Mkanda mpya uvalishwe kwa mikono. Ukiusukuma kwa bisibisi unaweza kukata nyuzi za ndani, na hutaliona jeraha. Usiukunje, usiugeuze ndani nje, usiuning'inize kwenye msumari dukani. Na kama sili ya kamshafti inavuja, ibadilishwe siku hiyo hiyo. Mkanda mpya juu ya sili inayovuja ni fedha iliyotupwa.

Sasa kukaza, jambo linaloleta ubishi kuliko yote. Mwenye gari husimama pembeni akisema, "Fundi, kaza kabisa." Fundi asimsikilize. Mkanda uliolegea huruka jino, na injini huwaka kwa shida, hutoa moshi na kukosa nguvu. Uliokazwa kupita kiasi hulia, hula beringi ya roli na kufa mapema. Wapo wanaoupinda mkanda kwa vidole viwili mpaka robo mzunguko ili kupima. Kanuni hiyo ni ya injini za zamani zisizo na kikazaji kinachojikaza chenyewe. Katika 1HZ kazi hiyo ni ya kikazaji: kwa baadhi ni springi inayovuta roli, kwa nyingine ni kijiti kinachosukumwa na mafuta, ambacho hubanwa polepole kwenye jiriwa, kikazuiwa kwa pini, kisha pini ikavutwa mkanda ukishakaa. Fundi akiongeza nguvu ya nondo juu ya hapo anaharibu.

Baada ya hapo injini izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili na alama zitazamwe tena. Ikigoma katikati, simama. Huenda valvu imegusa pistoni, na anayelazimisha kwa spana ndefu anaipinda mwenyewe. Mizunguko hii miwili haichukui hata dakika tano, na sijui kwa nini inarukwa mara nyingi hivyo.

Kifuniko nacho kina haki yake. Nimeona magari mengi yaliyorudishiwa kifuniko cha taimingi kwa bolti tatu, mpira wake wa kuzuia maji umetupwa. Gari kama hilo likiingia kwenye dimbwi, maji ya matope yanapanda moja kwa moja kwenye meno ya mkanda, na yakikauka yanaacha mchanga unaosaga.

Kwa wenye pikipiki, ambao ndio wengi zaidi, habari ni nyingine. Boxer na TVS zina mnyororo wa taimingi unaolainishwa na mafuta ya injini. Ukichakaa hugongagonga pembeni mwa silinda, kwa hiyo unatoa onyo. Kinachoumaliza mapema ni mafuta yaliyokaa muda mrefu kupita kiasi, na kuubadilisha mnyororo bila kukitazama kikazaji chake ni kufanya nusu ya kazi.

Vipuri vinatoka mbali. Vingine huvuka ziwa Tanganyika na kupandishwa kupitia Fizi, karibu na njia ya misafara ya karne ya 19 kutoka Ujiji hadi Kabambare, Kasongo na Nyangwe. Vingine hutoka Bukavu, au Lubumbashi kwa treni mpaka Samba, treni ikipatikana. Anayeanza kuutafuta mkanda siku taa inapowaka atasubiri majuma. Ununuliwe mapema pamoja na roli yake, ukae ndani ya boksi lake mbali na jua na dizeli.

Ningependa kila kanda ya afya, Kasongo, Kunda, Lusangi, Samba, Kabambare na Saramabila, iwe na daftari la gari ambamo dereva anaandika saa za injini kila jioni. Saa 1,500 zikitimia, mkanda ubadilishwe, hata kama kilomita ni 20,000. Gari likikaa bila kufikisha saa hizo, miaka mitano itoshe. Na fundi aandike tarehe kwa rangi nyeupe juu ya kifuniko, mahali ambapo dereva mpya ataiona akifungua boneti kuangalia maji.