Unataka samaki wazaane nyumbani? Uliza kabla hujatuma pesa

Bondo hakuna shida ya samaki wa kula. Shika barabara ya Usenge, na ziwa hilo hapo. Lakini kuna wateja wanaolipia samaki wa aina nyingine: vifaranga hai, ndani ya mfuko uliojazwa hewa, wa kuwekwa kwenye tangi la kioo sebuleni au lile la plastiki la lita 1,000 nyuma ya nyumba. Ni mradi mzuri. Shida ni kwamba pesa inaweza kupotea kabla samaki hajaonja maji yako, kwa hiyo tuongee samaki kwanza, halafu pesa.

Ngege, mbiru, nyamami na hata fulu mdogo ni ukoo mmoja. Ngege na mbiru ni wenyeji wa ziwa letu. Nyamami aliletwa miaka ya 1950, karibu wakati mmoja na mbuta. Leo sokoni wote wanaitwa ngege tu, ingawa ngege wa asili amekuwa adimu kwenye ziwa kubwa. Amebaki kwenye maziwa madogo kama Kanyaboli, hapa hapa Siaya, ambako mbuta hakufika. Kwa hiyo vifaranga utakaouziwa, karibu wote ni nyamami. Nyamami na ngege wakikutana huzaa machotara, na ndivyo ngege halisi anavyozidi kupotea. Hata mradi ukikuchosha, tafadhali usimwage samaki wako Kanyaboli wala mtoni.

Tangi la kioo la sentimita 100 kwa 50 kwa 50 linabeba lita 250, yaani kilo 250 za maji peke yake. Meza ya chai haiwezi. Na hilo ni la kulelea wadogo tu, kwa sababu nyamami mzima anapita sentimita 30. Wazazi wape lile kubwa, dume mmoja kwa majike watatu. Maji ya mfereji yana klorini, yaache kwenye pipa wazi siku moja au mbili kabla ya kuyatumia. Badilisha kama robo ya maji kila wiki. Ukikuta samaki asubuhi wote wako juu wakihema, hewa imepungua. Stima zetu unazijua, kwa hiyo usijaze samaki kupita kiasi ukitegemea pampu.

Kuzaana kwenyewe ni raha kutazama. Dume huchimba shimo kwenye mchanga na kulilinda kwa ukali. Jike hutaga hapo, kisha huyachukua mayai yote mdomoni na kukaa nayo karibu wiki mbili, huku akila kidogo sana au asile kabisa. Si mgonjwa huyo, mwache. Watoto wakishatoka, wakiogopa kitu hukimbilia tena mdomoni mwa mama. Mhamishie jike mahali pake mapema, maana wenzake watawala hao watoto bila huruma.

Sasa pesa. Wazalishaji wengi wa vifaranga huuza madume pekee. Samaki wakiwa wadogo kabisa hulishwa chakula chenye homoni ili wote wawe madume, kwa sababu dume hukua haraka na bwawa halijai vidagaa. Kwa anayefuga wa kuuza kwa kilo, hiyo ni faida. Kwako wewe unayetaka wazaane, ni hasara tupu. Utalisha miezi sita ukingoja mayai ambayo hayatakuja. Na muuzaji hajakudanganya, ni vile hukuuliza. Ukitupigia tukurudishie, tutakuwa na maneno machache, kwa sababu ulilipa mtu uliyemkusudia na akakuletea alichosema.

Kwa hiyo swali la kwanza kwenye simu si bei. Ni hili: hawa ni madume pekee au wamechanganyika? Jibu uliombe kwa ujumbe wa maandishi, pamoja na idadi na siku ya kufika, na usiufute. Humjui muuzaji? Pitia ofisi ya uvuvi ya kaunti uulize nani anazalisha kweli. Picha nzuri kwenye Facebook haitoshi, mtu yeyote anaweza kupiga picha ya bwawa la jirani.

Halafu usitume zote. Tuseme ni vifaranga 300 kwa shilingi 10, jumla 3,000. Tanguliza 1,000, ibaki 2,000. Lipa kwa namba ya till ya biashara, usome jina linalotokea kabla ya kukubali malipo. Jina likiwa geni, simama hapo hapo, mpigie muuzaji. Ukikosea namba, tupigie mara moja, usingoje kesho. Aliyepokea akishazitoa kwa wakala, kuzirudisha ni kazi ngumu. Na hakuna mfanyakazi wetu atakayekuomba namba ya siri, hata akikuita kwa jina lako kamili.

Mfuko ukifika, uweke uelee juu ya maji ya tangi kama dakika 20 kabla ya kufungua, joto lilingane. Fungua aliyeuleta akiwa bado hapo. Hesabuni waliokufa pamoja, mkubaliane, ndipo umalizie zile 2,000.