Bwana Msa Hamshuku Mtu kwa Sura

Ndugu askari, na akina mama mliomo nyumbani, yupo miongoni mwenu aliyewahi kukesha taa ikiwaka kwa ajili ya kitabu? Mimi nimo. Kitabu chenyewe ni Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kilichopigwa chapa mwaka 1960.

Tajiri mmoja anakutwa ameuawa. Mahali penyewe panatisha, na ni rahisi mno kuyaachia mapepo kesi hiyo. Bwana Msa, kiko mdomoni, hakubali. Yeye hutaka kujua nani alikuwa wapi, nani amesema uongo, na kwa faida gani. Sahibu yake Najum hukisia upesi akakosea, na msomaji hukosea pamoja naye. Hapo ndipo polisi msomaji anaposhtuka: kumbe nimemshuku mtu kwa sura yake tu!

Nakala niliyoazima mara ya kwanza ilikuwa na jina la mwuaji, limeandikwa kwa wino katika ukurasa wa mwanzo. Aliyefanya hivyo sijamsamehe hata leo. Hata hivyo nilisoma hadi mwisho, maana kumjua mwuaji si kujua alivyogunduliwa.

Baba akirudi kutoka lindoni, na asome sura moja kwa sauti. Watoto wakubwa waandike kila mmoja jina la anayemshuku na sababu yake, karatasi zikunjwe, zitiwe koponi. Kopo lisifunguliwe ila siku ya sura ya mwisho; na kitabu akifungie mama kabatini, kwa kuwa baba naye haaminiki.