Rimoti Inayojifunza

Kitufe cha rimoti kikibonyezwa, taa yake ndogo hutoa miali ya infraredi isiyoonekana kwa macho. Miali hiyo humweka, kwa kawaida mara 38,000 hivi kwa sekunde, ikikatizwa kwa vipindi vifupi na virefu. Mpangilio wa vipindi hivyo ndio amri yenyewe.

Rimoti ya vyombo vingi huhifadhi orodha ya amri za viwanda mbalimbali. Amplifaya isiyomo humo haiitiki. Hata hivyo, ziko rimoti zinazojifunza, kama ile iliyotolewa mwaka 1987 na CL 9, kampuni ya Steve Wozniak. Rimoti ya asili huelekezwa kwenye kipokezi cha ile mpya, nayo hupima vipindi na kuvihifadhi. Basi amri zote na zinakiliwe mapema, kwani rimoti ya asili ikifa, mwalimu ametoweka.