Filamu Moja, Macho Mengi

Mhariri aliponiomba niandike juu ya ile filamu iliyotugombanisha muhula uliopita, niliitikia mbiombio nikidhani ni kazi ya nusu saa. Leo ni siku ya nne na bado naandika na kufuta. Si kwamba sina la kusema. Ni kwamba kila nikimuuliza mtu aliona nini, nasikia habari ya filamu nyingine kabisa.

Kwa wale ambao hawakuwepo (na wale waliosimama mlangoni kwa sababu viti vilikwisha), nieleze kwanza. Filamu yaitwa Watu Wote. Ni fupi, dakika 22 tu. Iliongozwa na Katja Benrath, aliyekuwa mwanafunzi wa Hamburg Media School nchini Ujerumani, na ilikuwa kazi ya kuhitimu masomo yake. Yaani sisi huandika insha ya mwisho wa mwaka, wao walifanya filamu. Kundi dogo lilikuja hapa Kenya likashirikiana na waigizaji na mafundi wa hapa hapa, na mazungumzo yake ni ya Kiswahili na Kisomali. Pesa za kumwaga hazikuwepo. Hata hivyo mwaka 2017 ilipata tuzo ya dhahabu katika Oscar za wanafunzi, na mwaka 2018 ikateuliwa kugombea Oscar yenyewe upande wa filamu fupi. Haikushinda, iliyoshinda ni The Silent Child ya Uingereza.

Kisa chenyewe si cha kubuni. Tarehe 21 Desemba 2015 magaidi wa al-Shabaab walilishambulia basi lililokuwa likielekea Mandera, karibu na El Wak. Wakawaamuru abiria wajitenge, Waislamu huku na Wakristo kule. Abiria wakakataa. Wanawake wa Kiislamu waliwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike wasitambulikane, na magaidi wakaambiwa ama wawaue wote ama wawaache wote. Watu 2 waliuawa siku ile. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, naibu wa mwalimu mkuu, alipigwa risasi kwa kukataa kutengwa na wenzake, akafa hospitalini Nairobi Januari 2016. Serikali ilimtunuku nishani akiwa tayari kaburini.

Katika filamu tunaingia basini pamoja na Jua, mwanamke Mkristo aliyeigizwa na Adelyne Wairimu. Jua amefiwa na mume na mtoto mikononi mwa magaidi, kwa hiyo kukaa katikati ya abiria Waislamu kwamtia hofu, na si hofu peke yake, chuki pia.

Basi, Jumatano ile tulijifungia ukumbini, madirisha yamezibwa kwa leso, projekta ya kuazima. Picha ilipokwisha hapakuwa na sauti. Kisha wa mbele wakapiga makofi, mmoja akapaza sauti "Imeweza!", na wa nyuma wakaanza kunung'unika. Mwenzangu wa dawati alikuwa analia. Yeye ni Mkristo, huja shule kutoka Kisauni. Mimi ni Mwislamu wa Kibokoni, na nilikuwa nimekasirika. Nikamwambia, tena kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, "Kwa nini sisi tukitiwa kwenye filamu lazima pawe na bunduki?" Akanitazama kama hanijui. "Wewe umeona bunduki tu?" Tukatoka kila mmoja na njia yake, na hatukusemezana mpaka Ijumaa.

Ukitaka kuelewa ugomvi kama huo, usianze na filamu. Anza na mtazamaji, ujue alikuja na nini mle ndani. Mwenzangu ana shangazi aliyekuwa mwalimu kule kaskazini mashariki. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa, wasiokuwa Waislamu wakatengwa, watu 28 wakauawa, wakiwemo walimu waliokuwa wakirudi makwao likizoni. Baada ya hapo walimu wengi walikataa kurudi kazini kule, na shangazi huyo ni mmoja wao. Kwa hiyo mwenzangu alipomwona Jua ametulia tuli kitini kwa hofu, alimwona shangazi. Na mwisho wa filamu ulimpa kitu ambacho lile basi la kwanza halikukipata.

Mimi nami nilikuja na yangu. Nilikuwa mtoto mdogo Februari 2014 polisi walipovamia msikiti wa Musa huko Majengo na vijana zaidi ya 100 wakakamatwa, lakini maneno ya siku zile nimekua nayo. Mpaka leo kaka zangu wakisafiri bara, mama huwaambia wavue kanzu wavae suruali na shati, "msijitafutie maneno njiani." Mtu aliyelelewa hivyo haendi kutazama filamu ya magaidi ametulia. Anahesabu: wabaya ni wangapi, wazuri ni wangapi, na mzuri wetu atafikishwa mwisho au atauawa. Aliuawa. Nikaona kama tumeambiwa kwamba Mwislamu hasadikiwi mpaka afe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi wawili tulikuwa tumelala vitanda mbalimbali tukidhani ni kimoja.

Lakini filamu nayo ilichangia, tusiwalaumu watazamaji peke yao. Dakika 22 ni chache. Kamera imekaa na Jua, kwa hiyo abiria wengine twawaona kwa jicho lake, na jicho lake limejaa uchungu. Hilo ndilo lililoniudhi. Nilipoitazama mara ya pili nyumbani, nikabadilisha rai kidogo. Kumficha rafiki yako si ajabu. Wale wanawake walimficha mtu asiyewapenda. Kama Jua angekuwa anatabasamu na kila mtu toka mwanzo, mtandio ule ungekuwa kitambaa tu.

Wenzetu wanaojua Kisomali walitazama filamu yao pia. Walikuwa wakishtuka kabla yetu, sisi tuliokuwa bado tunasoma maandishi ya chini. Mmoja wao hakutaka mjadala kabisa. Alisema tu kwamba filamu haikuonyesha urefu wa njia ile. Wengine walilalamika kwamba kisa chetu kimesimuliwa na Wajerumani. Hoja hiyo mimi haikunikaa. Kisa kilikuwa wazi kwa kila mtu tangu Desemba 2015, na aliyetaka kukichukua angekichukua.

Ile mara ya pili niliitazama na bibi yangu, kwa simu, tumekaa barazani. Bibi ni mtu wa Naaz na Regal, enzi ambazo, kwa maneno yake, watu walitoka sinema nzima macho mekundu na hakuna aliyemcheka mwenziwe. Nilitazamia atakasirika kama mimi. Alinyamaza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Na wale wanawake waliotoa mitandio, majina yao n'nani?" Nikamwambia sijui, bibi. Akasema, "Mwalimu Mungu amrehemu, jina lake tumelisikia. Na hao je? Wao hawakuwa na roho za kupoteza?" Sikuwa na jibu. Katika mjadala wetu wa saa nzima, chama kizima na mwalimu mlezi, hakuna aliyeuliza hilo.

Sasa nije kwenye jambo la Kiswahili, maana hiki ni chama cha Kiswahili. Jina la filamu ni Watu Wote, lakini chini yake wameandika kwa Kiingereza All of Us. Hebu tazameni vizuri. Kiingereza hicho kwetu ni "sisi sote". "Watu wote" ni wale, hata kama mimi simo. Nilipolisema hili Ijumaa, mwenzangu alikataa kata kata. Alisema "sisi sote" laweza kuwa sisi wa mtaa huu, wa dini hii, wa basi hili; "watu wote" haliachi mtu nje. Nikamjibu kwamba magaidi walitaka kujua wao ni kina nani, na abiria wakajibu kwa sote. Tulibishana mpaka kengele ikalia, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kusemezana tangu Jumatano.

Tukiwa tunakusanya vitabu ndipo akaniuliza, bila kunitazama, "Wewe ungenipa mtandio wako?"

Ningeweza kuandika hapa kwamba nilijibu papo hapo. Sikujibu. Nilifikiri kwanza juu ya bunduki, na juu ya mama yangu, na nikaona kwamba miezi yote tuliyokaa dawati moja sikupata kujiuliza. Akaniona nafikiri. Nilidhani ataudhika, kumbe alicheka, akasema, "Afadhali. Ungesema ndiyo haraka hivyo nisingekuamini."

Filamu itaonyeshwa tena muhula huu, Jumatano ya pili, saa kumi jioni, pale pale ukumbini. Bibi amesema atakuja, na ana swali lake. Tafadhali kila mtu aje na kiti kutoka darasani, na kidato cha pili msikae tena mbele ya projekta.