Fahamu: Marekani ilivyowafungia Wachina mlango

Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuwanyima uraia wa kuzaliwa baadhi ya watoto wa wahamiaji, na jina la Wong Kim Ark, mzaliwa wa San Francisco mwenye asili ya Kichina, likarudi midomoni mwa wanasheria. Kisa chake kilianzia wapi?

Ugomvi kuhusu Wachina ulizukaje?
Maelfu ya Wachina walipasua milima ya Sierra Nevada kujenga reli iliyokamilika 1869. Uchumi ulipoyumba miaka ya 1870, Denis Kearney, kiongozi wa chama cha wafanyakazi California, alihutubia mikutano ya hadhara San Francisco akitaka Wachina waondoke: eti wanapokea ujira kiduchu na kuwaharibia wengine soko la ajira.

Nani alipinga?
Waajiri waliohitaji vibarua, na Seneta George Hoar wa Massachusetts, aliyeona kwamba kumzuia mtu kwa asili yake ni kulisaliti Azimio la Uhuru. Mwaka 1879 Rais Hayes naye alikataa muswada ulioruhusu abiria Wachina 15 tu kwa kila meli, kwa sababu ulivunja mkataba na China.

Nani alishinda?
Mwaka 1882 Rais Arthur alikataa marufuku ya miaka 20 ya Wachina kuingia nchini, kisha akasaini ya miaka 10. Iliwalenga vibarua; wafanyabiashara na wanafunzi waliruhusiwa. Iliongezwa muda mara kadhaa hadi ilipofutwa 1943, China ikiwa mshirika vitani. Hata hivyo, nafasi zilizotolewa zilikuwa 105 tu kwa mwaka.

Na Wong?
Kwa marufuku hiyo, mzaliwa huyo wa San Francisco alizuiwa kuingia nchini 1895 akirejea kutoka China. Mwaka 1898 Mahakama ya Juu iliamua kuwa ni raia kwa kuzaliwa.