Mgeni akisema "mkono", mkalimani asikie nini?



Katika semina moja ya parokia, mgeni aliyesema Kiingereza aliahidi kusaidia ujenzi wa kanisa. Alitumia msemo wa kwao: kumpa mtu mkono, maana yake kumsaidia. Mkalimani akatafsiri neno kwa neno: "Tutawapa mkono." Kwetu mkono hutolewa kwa salamu, kwa pole au kwa kwaheri. Wamama wakanong'ona kwamba mgeni anatuaga, na kamati ya ujenzi ikarudi nyumbani na huzuni. Tulihitaji siku mbili kuelewana.

Tunalieleza jambo hili kwa sababu makanisa yetu ya mashariki yanapakana na Uganda na Rwanda, na wageni wa Kiingereza hutufikia. Kiingereza, kama Kiswahili, hupenda kusema kwa viungo vya mwili. Lakini kiungo kilekile hakibebi maana ileile. Mwingereza akisema ana miguu baridi kabla ya harusi, ameingiwa na woga dakika ya mwisho. Akisema anakuvuta mguu, anakutania. Kitu kilichomgharimu mkono na mguu ni cha bei kali sana. Nasi tukimwambia kwamba fulani ana mkono wa birika, hatajua kwamba tunamsema mchoyo.

Misemo mingine yao ilitoka katika Biblia. Aliyeponea chupuchupu husema ameponea kwa ngozi ya meno; msingi wake ni Ayubu 19:20. Mkubwa mwenye udhaifu uliofichika husemwa ana miguu ya udongo, kutokana na sanamu ya Danieli 2. Katika Kumbukumbu la Torati 32:10, neno la Kiebrania hufafanuliwa kuwa "mtu mdogo wa jicho", yaani ile sura ndogo unayoiona ndani ya jicho la mwenzako. Waingereza waliandika "tofaa la jicho". Sisi tunasema mboni. Maneno ni matatu, lakini ulinzi wa Mungu ni uleule.

Basi, ndugu wakalimani, msione haya kumwuliza mgeni mbele ya watu: "Una maana gani?" Nanyi mnaoalika wageni, mpeni mkalimani hotuba mapema aisome. Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba lugha isiyoeleweka hailijengi kanisa (1 Wakorintho 14). Hata ahadi ya mabati hailijengi, kama waliokusudiwa hawakuielewa.