Akiki ya Marehemu Babangu

Sipiti barazani na pete hii kidoleni asitoke kijana kuniuliza: "Mzee, hilo ni jiwe la bahati?" Humjibu kwamba ni jiwe la babangu. Ni akiki, nyekundu kama kaa la moto lililoanza kupoa.

Akiki si ngeni kwetu pwani. Shanga zake zimefukuliwa katika magofu ya Shanga kisiwani Pate, na Kilwa vilevile. Vito vya pete sifa yake ilikuwa Yemen. Shanga nyingi zilitoka Khambhat, pwani ya Gujarat, India. Huko mafundi hulianika jiwe juani, kisha hulichoma polepole ndani ya vyungu, maana likitoka ardhini huwa la hudhurungi, na ni chuma kilichomo ndani yake ndicho kinachogeuka wekundu kwa moto. Ajabu ni kwamba jiwe lisifiwalo kulinda uhai huwaua walichongao: vumbi lake huingia mapafuni na kuyakausha. Hayo mnunuzi wa pete haambiwi.

Faida zake nyingine hazina ubishi. Ni gumu kuliko kisu, tena nta ya moto haiigandi, ndiyo sababu wakubwa wa zamani waliichora majina yao wakaifanya muhuri. Wapambaji wa vitabu husugulia dhahabu kwa akiki mpaka ing'are, na katika maabara mna vinu na michi yake ya kusagia dawa.

Chuoni tulisomeshwa kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa na pete ya fedha yenye kito cha Kihabeshi, na wapo maulamaa waliosema huenda kito hicho kilikuwa akiki. Naam, hilo latosha mtu kuipenda. Lakini zile riwaya kwamba mwenye kuivaa haupati ufukara, wajuzi wa hadithi wamezitia ila. Nami ni shahidi wao: nimeivaa miaka mingi na mfuko wangu mwaujua.

Wazee wetu waliongeza yao. Akiki, walisema, hutuliza hasira, huondoa husuda, tena hukata damu. Hili la damu ndilo lililonishikisha kalamu leo.

Nilikuwa na umri wa miaka minane ami alipobisha hodi usiku wa manane kuja kuiazima pete hii. Mkewe alikuwa amejifungua, na damu haikatiki. Babangu aliivua bila neno. Wakunga waliifunga kwa uzi mweusi kwenye paja la mzazi, wakasubiri. Hospitali haikuwa mbali, ila kila aliyetaja gari aliambiwa angoje kidogo, akiki haijafanya kazi yake. Gari lilipopatikana, alifariki njiani kabla ya adhana ya alfajiri. Mtoto alipona, leo ni mama wa watoto wanne.

Pete ilirudishwa asubuhi, imeoshwa. Babangu aliitazama kitambo, akaivaa. Hakuiacha, wala hakulisema tena jambo hilo mbele yetu.

Miaka michache baadaye jirani alikuja usiku kwa haja ile ile, akaiomba pete. Babangu hakuivua. Alivaa makubadhi yake, akatoka mbio na msuli kwenda kumgongea mwenye teksi.